Kanisa la Kingo Mbili za Ruvuma



Kuna usemi ambao katika nchi yetu umekwisha kuwa kama kipande cha sala: tusichanganye dini na siasa. Husemwa na mwanasiasa pindi maaskofu wanapotoa neno, kama tulivyosikia tena mwezi Agosti 2023, wakati waraka wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania kuhusu mkataba wa bandari uliposomwa makanisani. Lakini husemwa pia na mwamini wa kawaida, hasa siku ambayo mahubiri yamegusa biashara yake au cheo chake. Sisi hatuupingi usemi huo moja kwa moja, kwa maana una hekima ndani yake. Shida yetu ni kwamba umebeba mambo mawili katika kapu moja. Kuna dini inayotafuta kiti karibu na mtawala, na kuna imani inayokaa katika dhamiri ya raia na kumwongoza anapopiga kura, anapohukumu, anapofungua au kufunga mlango wake. Mambo haya si mamoja, na anayetaka kuona tofauti yake hana haja ya kusafiri mbali. Asimame Mahurunga, atazame mto.

Ruvuma hutoka katika milima ya Matogoro karibu na Songea, ukashuka hadi huku kwetu, penye mashamba ya mpunga, viboko na mikoko, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Kwa babu zetu mto ulikuwa njia. Wamakonde waliishi kaskazini na kusini yake, wakaoana, wakazikana, wakapelekeana vijana wa jando na mwali wa unyago. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kuufanya mpaka. Hata hivyo hawakutosheka na makubaliano yao wenyewe: mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kipande kidogo cha ardhi upande wa kusini wa mlango wa mto, mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakairudisha mikononi mwao, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaithibitisha kuwa mali ya Ureno. Mtu wa Kionga alibadilishiwa Kaisari mara mbili katika muda usiofika miaka ishirini na mitano, wala hakuhama nyumbani kwake. Tukisoma Injili ya sarafu, si vibaya kumkumbuka mtu huyo. Swali la sarafu ipi alipe kodi aliletewa mlangoni na wengine.

Basi, mpaka ukawapo, na Kanisa likakua katika kingo zote mbili, lakini kwa njia tofauti sana.

Upande wa kusini, tarehe 7 Mei 1940, Kiti Kitakatifu na serikali ya Ureno ya António Salazar walitia saini Konkordati pamoja na Mapatano ya Kimisionari. Kwa macho ya wakati ule ilionekana kuwa baraka kubwa. Kanisa lilitambuliwa rasmi, misheni zikapata ruzuku, maaskofu wakapata mshahara kutoka serikalini, na elimu ya Waafrika, au ya "wenyeji" kama walivyoitwa, ikakabidhiwa karibu yote mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Nani asingefurahi? Ureno ilikuwa imetoka katika miongo ya serikali zilizolisumbua Kanisa, na wamisionari walihitaji shule na zahanati. Lakini zawadi ya mtawala huja na kamba. Serikali ilipata sauti katika uteuzi wa maaskofu, na shule ya misheni ikapewa kazi ya kumfanya mtoto wa Kimakonde au wa Kimakua kuwa Mreno mwema, kwa lugha ya Kireno. Altare na bendera vikasimama karibu mno hata mtu wa kawaida hakuweza kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Matunda yake yalionekana siku ya majaribu. Tarehe 16 Juni 1960, huko Mueda, katika uwanda wa Makonde, watu walikusanyika mbele ya ofisi ya serikali kusikia majibu ya madai yao, na askari wakawafyatulia risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilianza vita kule Chai, mkoani Cabo Delgado. Mwezi mmoja kabla ya hapo padre mmoja Mholanzi wa shirika la Montfort alikuwa ameuawa karibu na misheni ya Nangololo, na waliomuua hawakuwa FRELIMO, bali watu wa kundi jingine. Tunaona uchungu tukikumbuka kifo hicho. Wamisionari wa Montfort walikuwa wamekaa na Wamakonde kwa miaka arobaini, wakajifunza lugha yao na kuwauguza. Lakini katika nchi ambamo Kanisa limeandikishwa katika vitabu vya serikali, hata mchungaji mwema huweza kuonekana tarishi wa mtawala.

Je, Kanisa lote la Msumbiji lilinyamaza? La hasha, na hapa historia inatutaka tuseme kwa haki. Askofu Sebastião Soares de Resende wa Beira, aliyeliongoza jimbo hilo tangu mwaka 1943 hadi alipofariki mwaka 1967, aliandika dhidi ya kazi za kulazimishwa na kilimo cha pamba cha shuruti. Gazeti aliloanzisha lilifungiwa na serikali iliyokuwa ikijiita ya Kikatoliki. Mwezi Mei 1971 Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, waliamua kuondoka Msumbiji wote kwa pamoja. Hawakuwa wamefukuzwa wakati wanaamua. Walisema kwamba kukaa kwao kimya, chini ya maaskofu wasiotaka kusema, kulikuwa kunawafanya watu waamini kuwa Kanisa linaubariki udhalimu. Serikali iliposikia uamuzi huo iliwatoa haraka, kana kwamba ni wahalifu. Mapadre wa shirika la Burgos kutoka Hispania walikusanya habari za mauaji ya Mucumbura na Wiriyamu, mkoani Tete. Na habari ya Wiriyamu, yaliyotokea tarehe 16 Desemba 1972, ilitangazwa kwa ulimwengu katika gazeti la The Times la London mwezi Julai 1973 na padre Mwingereza, Adrian Hastings, ambaye alikuwa amefanya utume miaka mingi Afrika Mashariki. Kisha mwezi Aprili 1974 Askofu Manuel Vieira Pinto wa Nampula alifukuzwa pamoja na wamisionari wa Comboni waliotia saini pamoja naye waraka ulioitwa "Sharti la Dhamiri". Siku chache tu baada ya kufukuzwa kwake, tarehe 25 Aprili, utawala ule ulianguka mjini Lisbon.

Baba Mtakatifu Paulo VI alikuwa amekwisha kutoa ishara. Tarehe 1 Julai 1970 aliwapokea Vatikano viongozi watatu wa harakati za ukombozi: Amílcar Cabral, Agostinho Neto na Marcelino dos Santos. Ureno ilighadhibika hata ikamwita balozi wake nyumbani. Tukumbuke kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikuwa umefundisha kuwa Kanisa haliweki tumaini lake katika upendeleo linaopewa na serikali, na kwamba liko tayari kuuacha upendeleo huo iwapo unatia shaka ushuhuda wake. Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya dunia nzima, lakini kwa mtu wa Ruvuma yanasomeka kama barua iliyoandikiwa ng'ambo ya mto.

Sasa tugeuze uso, tutazame ukingo wetu wa kaskazini.

Huku Kanisa halikuwa na Konkordati. Wabenediktini wa Ndanda, ambao abasia yao ililea Ukatoliki wa kusini hadi Jimbo la Mtwara lilipoundwa mwaka 1972, walifanya kazi chini ya Wajerumani na kisha chini ya Waingereza ambao wengi wao hawakuwa Wakatoliki, katika pwani ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu. Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi. Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1943, na kwa kawaida alihudhuria Misa hata siku za juma. Lakini chama alichokiongoza hakikuwa cha Wakatoliki. TANU ilizaliwa mwaka 1954, na nguvu yake ya awali mjini Dar es Salaam ilitoka kwa Waislamu: akina Sykes, na masheikh na wazee waliomkaribisha kijana yule wa Butiama, wakamwombea dua na kumtambulisha kwa watu. Tunapenda jambo hili likumbukwe na kila Mkatoliki anayedhani kwamba uhuru wa nchi hii una dini moja. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikiri kwamba binadamu wote ni ndugu; Mkristo aliisoma akaona Injili, Mwislamu akaisoma akaona Kurani, na wote wawili walikuwa na haki.

Matokeo yake ni nchi isiyo na dini lakini yenye wananchi wenye dini. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kuabudu katika ibara ya 19, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za dola. Wapo wanaodhani kwamba utaratibu huo ulikusudiwa kuifunga dini mdomo. Kama ni hivyo, mbona mwasisi wake mwenyewe, mwezi Oktoba 1970, alisimama mbele ya masista wa Maryknoll huko Marekani akalitaka Kanisa lijiunge na wale wanaoasi dhidi ya mifumo inayowafanya watu kuwa maskini? Aliwaonya kuwa lisipofanya hivyo, dini itageuka kuwa ushirikina wa watu waoga. Kwake, serikali ilitakiwa isiwe na dini ili raia aweze kuwa na dhamiri.

Na dhamiri hiyo ilipimwa hapa hapa mtoni. Kuanzia mwaka 1964 watu waliikimbia vita kwa maelfu, wakavuka Ruvuma kwa mitumbwi na kwa miguu wakati wa kiangazi. Wengi walipokewa kwanza na ndugu na jamaa, kabla ya karatasi yoyote ya serikali. Baadaye makazi yalifunguliwa, kama yale ya Rutamba katika Lindi ya leo, ambako TCRS, shirika lililoanzishwa na Walutheri duniani mwaka 1964, lilifanya kazi pamoja na Umoja wa Mataifa na serikali. FRELIMO ilipata kambi Nachingwea na hospitali Mtwara mjini. Ukarimu huo haukuwa wa bure. Vijiji vya mpakani vilipigwa mabomu na ndege za Wareno na kutegewa mabomu ya ardhini, na wakulima waliouawa au kupoteza miguu hawakuwa askari. Katika makaburi ya mashujaa Naliendele wamelala wanajeshi wa JWTZ waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Nchi maskini ilikubali kupigwa kwa ajili ya jirani. Wataalamu wa siasa wana maelezo yao kuhusu jambo hilo, na mengi ni ya kweli. Lakini maelezo hayo hayatoshi kutueleza kwa nini mama wa kijijini, mwenye debe moja la mtama, aligawa nusu yake kwa watu ambao asingeweza kupata faida yoyote kutoka kwao.

Hata hivyo tusijitengenezee sanamu. Mwaka 1975, huko huko Nachingwea, katika ardhi yetu, viongozi wa FRELIMO waliwasimamisha hadharani wapinzani wao, miongoni mwao mchungaji Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama hicho, na padre Mkatoliki Mateus Gwenjere wa Jimbo la Beira. Watu hao waliuawa baadaye nchini Msumbiji bila kesi ya haki. Aidha, mwaka 1973 kuishi katika vijiji vya ujamaa kulifanywa kuwa amri, na nyumba zilichomwa moto mahali pengi nchini. Mkoa wetu ulikuwa umetangulia kuwa na vijiji vingi, kwa sababu ya vita mpakani. Sauti za viongozi wa dini zilizohoji mambo hayo zilikuwa chache. Ni rahisi kumkemea mtawala aliyepagawa na kiburi. Ni vigumu zaidi kumkosoa yule tunayepiga magoti pamoja naye katika benchi moja. Kanisa la kusini lilifungwa ulimi na mshahara, na sisi nusura tufungwe na mapenzi.

Ng'ambo, uhuru wa tarehe 25 Juni 1975 ulileta zamu nyingine. Katika wiki chache serikali mpya ilitaifisha shule, hospitali na nyumba za misheni, na miaka ya udhia kwa watu wa dini zote ikafuata. Wengi walidhani Kanisa la Msumbiji limekwisha. Tunaona ajabu ya Mungu hapa: Kanisa lililonyang'anywa kila kitu ndilo lililopata ujasiri wa kusema. Vita kati ya serikali na RENAMO vilipokuwa vikiiteketeza nchi, maaskofu waliandika barua baada ya barua wakitaka pande mbili ziongee, wakati ambapo kusema hivyo kulihesabiwa kuwa usaliti. Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alikwenda kukutana na waasi, kisha akaketi kama mpatanishi mjini Roma pamoja na Jumuiya ya Sant'Egidio, ambako mmoja wa wapatanishi alikuwa Padre Matteo Zuppi, ambaye siku hizi ni Kardinali. Mazungumzo yalichukua zaidi ya miaka miwili. Amani ilitiwa saini tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Askofu Vieira Pinto alikuwa amerudi Nampula zamani, na aliendelea kuwa mchungaji pale hadi mwaka 2000.

Tungependa kuishia hapo, lakini mto haujatulia. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na vita mpya ikaanza Cabo Delgado, safari hii kwa jina la dini. Viongozi wa Kiislamu wa huko walikuwa wamekwisha kuionya serikali kuhusu kundi hilo kabla ya risasi ya kwanza. Hilo lisemwe wazi katika vijiwe vyetu, kwa maana wapo wanaomtazama jirani yao Mwislamu kwa jicho la kando. Usiku wa tarehe 14 Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma, wakaingia Kitaya, jirani zetu, wakaua na kuchoma nyumba. Hawakumuuliza mtu anasali msikitini au kanisani. Dominika iliyofuata, tarehe 18 Oktoba, masomo ya Misa duniani kote yaliangukia Injili ya Mathayo sura ya 22, habari ya sarafu ya Kaisari.

Wakati huo Askofu wa Pemba, Luiz Fernando Lisboa, alikuwa akiieleza dunia habari za watu wake waliokimbia, ambao mwaka 2021 walizidi 700,000. Alitukanwa sana na watetezi wa serikali kwa kusema, hata Papa Fransisko akampigia simu kumtia moyo. Mwanzoni mwa mwaka 2021 alihamishiwa Brazil. Na kwetu? Mwaka huo huo wa 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitangaza kwamba maelfu ya watu wa Cabo Delgado waliovuka kuja Tanzania walirudishwa walikotoka, wengi wao wanawake na watoto.

Hatupendi kulifanya jambo hili kuwa jepesi. Serikali ina wajibu wa kulinda raia wake, na baada ya Kitaya nani angeweza kumwambia mama wa mpakani kwamba hofu yake ni dhambi? Muuaji anaweza kuvuka akiwa amejificha kati ya wanaomkimbia. Ulinzi huo ni wa Kaisari kwa haki, na tunawaombea askari wanaokesha mtoni. Lakini mtoto aliyerudishwa ana sura ya Mungu, si ya Kaisari, na kati ya kumpokea kila mtu bila kuuliza na kumrudisha kila mtu bila kumsikiliza kuna nafasi pana. Kuipima nafasi hiyo si kazi ya ofisi peke yake. Ni kazi ya diwani tunayemchagua, ya mwenyekiti wa kijiji, ya wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ambao ni sisi wenyewe, Wakristo na Waislamu, na dhamiri zetu hazibaki mlangoni pamoja na viatu tunapoingia humo.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo juma hili tunaomba jambo moja. Watoto waliovushwa mtoni mwaka 1964 leo ni wazee wa zaidi ya miaka sitini, na wanapungua kila mwaka. Katibu wa kila Jumuiya awatembelee wale walio katika eneo lake, wa dini yoyote, awaulize nani aliwafungulia mlango usiku wa kwanza na waliwapa nini wale. Majina yaandikwe katika daftari, yaletwe parokiani kabla ya Dominika ijayo, ili yasomwe katika Misa ya wafu mwezi Novemba.